Mshipa wa Paja

Dafrosa alikuwa na mikono ya baridi, na wagonjwa hawakuacha kumwambia. Kabla ya kumgusa mtu aliisugua kwanza, akaomba radhi, halafu akampaka jeli iliyokuwa baridi kuliko hata hiyo mikono, na hapo mgonjwa akacheka na kulegea. Kazi yake ilikuwa kupima mishipa ya damu kwa ultrasound katika hospitali moja kusini mwa Stockholm. Siku nzima alikaa kwenye chumba chenye mwanga hafifu, akipitisha kifaa juu ya shingo za watu walionusurika kiharusi, juu ya miguu yenye vidonda vilivyokataa kupona, juu ya mikono ya watu wanaosafishwa damu kwa mashine. Kwenye skrini damu ilionekana kwa rangi, nyekundu na buluu, na akifungua sauti ilisikika ikipita kwa mapigo. Mahali palipobana, sauti ilipanda ikawa kali, kama mluzi.

Alikuwa amefika Sweden akiwa binti kutoka Muleba, kwa mafunzo mafupi ya uuguzi. Mafunzo yakaongezwa, kisha akasomea vipimo, kisha akaolewa. Mumewe, Nathaniel, alikuwa Mpare wa Same, naye alikuja kujifunza ufundi akabaki. Alikuwa fundi wa lifti. Alizijua lifti za maghorofa ya Hallonbergen na za maofisi ya Kista kama mtu anavyojua tabia za ng'ombe wake: hii inakwama ghorofa ya tatu wakati wa baridi, ile milango yake ina kisirani. Walikaa Norsborg, mwisho wa njia nyekundu ya treni za mjini, na walikuwa na mtoto mmoja tu, Gladness, aliyeelewa kila neno la Kiswahili na kujibu kwa Kiswidi.

Kisukari kilimshika Nathaniel akiwa bado na nguvu za kubeba mota begani. Hakukitilia maanani. Alikula saa mbovu, alisahau dawa kwenye gari la kazini, na Dafrosa alipomgombeza alisema, "Mama Gladness, mimi si mgonjwa wako." Miaka ilipita hivyo. Kisha figo zikachoka, na moyo nao ukaonekana dhaifu kiasi kwamba madaktari walikataa kumpandikiza figo nyingine. Kilichobaki kilikuwa mashine ya kusafisha damu, siku moja baada ya nyingine.

Mashine hiyo inahitaji mshipa mnene wa kuchomwa sindano kubwa. Kwa hiyo alipasuliwa mkono wa kushoto, ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, ikaunganishwa na vena, ule unaoirudisha, ili vena ipanuke kwa nguvu ya damu. Hospitalini muungano huo unaitwa fistula, na Nathaniel hakulipenda hilo neno hata kidogo.

"Kwetu hilo ni gonjwa la kina mama waliojifungua kwa shida," alimwambia Khamis, rafiki yake wa siku nyingi, Mzanzibari aliyekuwa akiendesha basi. "Nitasemaje mbele za watu?"

"Sema umefungwa bomba," Khamis akamjibu. Tangu siku hiyo akawa anamwita Bwana Bomba, na Nathaniel akawa anaitika.

Idarani kwa Dafrosa kulikuwa na sharti lisilo na mjadala: humpimi ndugu yako. Kwa hiyo Nathaniel alipimwa na Alma, binti wa wakimbizi wa Bosnia ambaye Dafrosa mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Dafrosa aliruhusiwa kukaa kitini kama mke yeyote. Lakini nyumbani, mumewe akisinzia mbele ya televisheni, aliweka kiganja juu ya ule mkono wa kushoto na kusikia damu ikitetemeka chini ya ngozi, kama paka anayekoroma. Hapo alitulia. Nathaniel alijua, ila alijifanya amelala.

Mshipa ukaanza kubana. Mara ya kwanza ilikuwa jambo dogo. Nathaniel alilala kitandani, mkono umenyooshwa, umepigwa ganzi. Alma alishika kifaa juu ya ngozi na daktari akaingiza sindano akiangalia skrini, si mkono. Dafrosa, akiwa amesimama upande wa kichwa cha mumewe, aliiona sindano ikiingia ndani ya mshipa kama mstari mweupe. Kisha ukapita waya, na juu ya waya likapita puto dogo. Walipolijaza, puto lilibanwa katikati likaonekana kama lina kiuno. Daktari akaongeza nguvu. Kile kiuno kikaachia ghafla, Nathaniel akasaga meno, na Alma akapima tena mtiririko wa damu.

"Umepanda zaidi ya maradufu," Alma alisema.

"Unasikia, Baba Gladness? Umefunguka," Dafrosa akamwambia.

"Nimesikia. Hata meno yangu yamesikia."

Walicheka wote. Lakini mshipa ulibana tena, na puto likarudiwa, na kila mara nafuu ilidumu muda mfupi kuliko ile iliyotangulia. Asubuhi moja Dafrosa aliweka kiganja na hakusikia kitu. Alihamisha vidole juu na chini. Mkono ulikuwa umetulia kama wa mtu mwingine yeyote. Damu ilikuwa imeganda ndani.

Wakahamia mkono wa kulia, nao haukufika mbali. Wakamwekea shingoni mpira mwembamba wa kupitishia damu, kwa ultrasound vilevile, Alma akibonyeza taratibu ili daktari aone ni mshipa upi unaolala ukibonyezwa na upi unaogoma, maana unaogoma ni ateri na haupaswi kuguswa. Mpira ulifanya kazi, ukaingia vijidudu, ukatolewa, ukawekwa mwingine. Mishipa mikubwa ya kifuani ikaota makovu kwa sababu ya mipira hiyo. Uso wa Nathaniel ukawa unavimba asubuhi kwa damu iliyokosa njia ya kurudi moyoni. Aliacha kujitazama kwenye kioo, na Dafrosa ndiye aliyemnyoa ndevu.

Ndipo daktari wa upasuaji akawaita. Alikuwa mwanamke mpole aliyeongea polepole. Alisema zipo njia mbili. Wanaweza kuendelea na mpira wa shingoni kwa muda ambao mishipa itakubali, na hakuna anayejua ni muda gani. Au wanaweza kuweka bomba la plastiki pajani, kati ya ateri na vena, na kulichoma sindano hilo.

"Hatari ni kwamba bomba linaweza kunyang'anya mguu damu yake," alisema. "Mishipa yako ina chokaa kwa sababu ya kisukari. Tutapima kwanza."

Alma akapima. Dafrosa alikaa kitini na macho yake hayakubanduka kwenye skrini. Vena ya paja ilikuwa nzuri, pana, ikilala vizuri ilipobonyezwa. Ateri ilikuwa na kuta nyeupe zenye madoa ya chokaa, lakini damu ilipita. Presha ya kifundo cha mguu ilitoka nzuri. Dafrosa na Alma walijua kwamba kwa mtu mwenye chokaa presha ya kifundo hudanganya, kwa sababu mshipa mgumu haubanwi na mkanda. Kwa hiyo Alma alipima presha ya kidole gumba cha mguu, ambacho hudanganya mara chache. Aliangalia matokeo, akapima mara ya pili.

"Kidole hakinifurahishi," alisema.

"Si kibaya," Dafrosa akasema.

"Sijasema ni kibaya. Nimesema hakinifurahishi. Nitaandika hivyo."

Daktari alisoma, akawaeleza yaleyale: inawezekana, lakini ni mpakani. Akawaachia waamue.

Jumapili ile walikaa mezani Norsborg, watu watatu na sufuria ya ndizi. Nathaniel hakula, alikuwa akigeuza chakula tu kwa uma.

"Wewe umeona ile picha," alimwambia mkewe. "Ungekuwa humjui yule mtu aliyelala pale, ungesemaje?"

Dafrosa alijibu haraka. "Ningesema inatosha."

Gladness akaweka kijiko chini. Wakati huo alikuwa akifanya kazi katika ofisi moja ya kompyuta huko Kista, na alikuwa amekuja na treni asubuhi kwa ajili ya kikao hiki. "Mamma, pappa amechoka," alisema kwa Kiswidi. "Humwoni? Unaangalia mishipa tu."

"Mpira ukishindwa hana kitu kingine."

"Basi muulize anataka nini."

"Mimi nipo hapa," Nathaniel alisema. "Msinizungumzie kama nimekwenda sokoni." Alimgeukia Dafrosa. "Kama wewe unasema inatosha, tutafanya."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Alma alipopima baada ya siku chache, damu ilikimbia ndani ya lile bomba kwa nguvu iliyojaza chumba sauti. Sindano zikaanza kuingia pajani, mpira wa shingoni ukatolewa, uvimbe wa uso ukapungua. Nathaniel akala wali. Akaomba apelekwe na Khamis kwenye maji ya Ziwa Mälaren, wakakaa kwenye benchi wakibishana kuhusu mpira wa miguu. Dafrosa alipowaona wakirudi, mumewe ameegemea mkongojo lakini anacheka, alikwenda bafuni akalia kwa furaha. Alijiambia kwamba alikuwa ameona sawasawa.

Nathaniel alianza kuvaa soksi hata kitandani. Alisema anasikia baridi. Mwezi ulikuwa wa Aprili, theluji ilikuwa bado kwenye vivuli vya majengo, na Dafrosa hakuona ajabu. Mpaka siku aliponyoosha mkono chini ya blanketi kutafuta miwani iliyoangukia hapo, akagusa mguu wake. Yeye, ambaye wagonjwa wote walilalamikia mikono yake, aliushika mguu wa mumewe na ulikuwa baridi kuliko mikono hiyo.

Alivua soksi. Kidole gumba kilikuwa cheusi nchani, na harufu ilikuwa imeanza.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu wiki kadhaa."

"Na ulinyamaza?"

"Ulikuwa na furaha," Nathaniel alisema.

Hospitalini Alma alimfunga mkanda mdogo kwenye kidole cha pembeni ya gumba, kilichokuwa bado na rangi, akaweka kipimo. Kwenye skrini hakukuwa na wimbi la mapigo, ni mstari ulionyooka tu. Kisha akafanya jambo ambalo Dafrosa alimfundisha miaka ile. Aliweka vidole viwili pajani juu ya bomba na kulibonyeza mpaka damu ikakoma kupita humo. Kwenye skrini wimbi likainuka, dogo, kisha kubwa kidogo, likaanza kupiga. Mguu ulikuwa unapata damu. Alma akaachia vidole. Wimbi likazama tena.

Alma alibonyeza mara ya pili, kwa sababu utaratibu unataka hivyo, na wimbi likarudi, na alipoachia likazama. Dafrosa aliona yote kwa uwazi ambao hakuupenda. Bomba lililompa mumewe uhai ndilo lililokuwa linaua mguu wake, na yeye ndiye aliyesema inatosha.

"Samahani," Alma alimwambia walipotoka kwenye korido.

"Wewe uliandika," Dafrosa alisema. "Usiniombe radhi."

Daktari alijaribu kulibana bomba kidogo, ili lipite damu pungufu na mguu ubaki na haki yake. Alilibana huku Alma akipima, robo kwa robo, wakitafuta kipimo kitakachotosheleza vyote viwili. Kwa siku mbili ikaonekana kimepatikana. Siku ya tatu bomba likaganda. Wakaweka mpira kwenye paja la upande wa pili kwa ajili ya kusafishia damu, na weusi ukapanda kutoka kidoleni hadi kwenye unyayo. Daktari yule mpole akaja akakaa pembeni ya kitanda. Mguu ukatwe, juu ya goti, na haraka.

Nathaniel alisikiliza mpaka mwisho. "Na nikikatwa, nitapitia wapi kwenye ile mashine?"

"Kwa mpira huo wa paja, kwa sasa."

"Na ukiziba?"

"Tutatafuta."

"Hapana," Nathaniel alisema kwa Kiswidi chake cha ufundi, kifupi na wazi. "Nimechoka kukarabatiwa. Sikatwi. Na mashine pia naacha."

Dafrosa aliinuka. "Baba Gladness, ngoja kwanza tuongee."

"Tumeongea miaka yote hii."

Nchi ile inamruhusu mgonjwa kukataa. Walimuuliza kwa siku tofauti, watu tofauti, kama anaelewa, na kila mara aliwaeleza vizuri kuliko wao. Kisha wakamrudisha Norsborg na dawa za maumivu, na wauguzi wa majumbani wakawa wanakuja asubuhi na jioni.

Khamis aliomba likizo. Alikaa kando ya kitanda kilichowekwa sebuleni, akasoma dua zake kimyakimya. Mchungaji alipokuja na wanajumuiya wakaimba, alisogea jikoni akachemsha chai ya tangawizi kwa wote. "Shemeji, kaa na mtu wako," alimwambia Dafrosa kila alipomwona anaosha kikombe kilichokwisha kuoshwa.

Mchana mmoja nyumba ilitulia. Nathaniel alifumbua macho, akili zake zikiwa bado zimo.

"Nilikosea," Dafrosa alisema. Alikuwa amelibeba neno hilo wiki nzima. "Kile kidole. Niliona kama Alma alivyoona. Ningekuwa sikujui, ningesema usifanye."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua ulikosea. Nilikuona unavyoangalia. Uliniangalia kama mke, si kama mpimaji." Alipumzika kidogo, pumzi ilikuwa haimtoshi. "Mimi nilikuwa na sheria yangu. Lifti ya jengo letu hili sikuwahi kuikagua. Nilimwita mwenzangu kila mara. Ukijua mwanao ndiye atakayepanda, jicho linatafuta sababu ya kusema nzima."

"Sasa kwa nini ulikubali?"

"Kwa sababu ulitaka sana."

Dafrosa alilaza kichwa kando ya mkono wake wa kushoto, ule wenye makovu. Angeweza kustahimili hasira. Lile jibu lilimkalia kifuani kama jiwe, na hata baadaye, watu walipomwambia kwamba lilikuwa neno la upendo, alilisikia kama mzigo.

Nathaniel alifariki siku ya Ijumaa kabla ya adhuhuri, jua likiwa limejaa dirishani. Khamis ndiye aliyemfumba macho. Gladness alifika kutoka Kista baada ya hapo, akasimama mlangoni na koti lake, na alipomwona mama yake anamjia alirudi nyuma hatua moja.

"Ulimsukuma," alisema. "Angekaa na ule mpira wa shingoni, angekuwa amelala tu, mzima, na miguu yake. Wewe ulitaka ushinde."

Khamis akataka kumkataza. "Mwanangu, si sasa..."

"Mwache," Dafrosa akasema. "Aseme."

Walimzika hukohuko Stockholm. Gladness alishika kamba ya kuteremshia jeneza upande wake, akatupa udongo, akapanda treni ya Kista bila kupita nyumbani, ambako kina mama walikuwa wamepika.

Dafrosa alikaa nyumbani wiki nyingi. Aliporudi kazini, mkuu wa idara alimpa shingo tu kwa muda. Alizipima vizuri, na wagonjwa walilalamikia baridi ya mikono kama kawaida. Kabla ya msimu wa majani kupukutika aliletewa mzee mmoja kwa kipimo cha paja, kwa sababu Alma alikuwa likizo na hakukuwa na mwingine. Mzee alikuwa Mswidi, ameandamana na binti yake. Dafrosa alipima vena, akapima ateri, akapima kidole. Kidole hakikuwa kizuri. Alikipima tena, akaandika alichokiona bila kulainisha neno. Binti wa mzee aliuliza inaonekanaje. Alimjibu kwamba daktari atawaeleza, na kwamba wamuulize sana kuhusu mguu, wasiogope kuuliza. Walipotoka alifunga mlango, akakaa gizani mpaka mgonjwa mwingine alipobisha hodi.

Jumapili moja ya Novemba Gladness alikuja Norsborg bila kupiga simu. Alisema amefuata sweta za baba yake. Dafrosa alikuwa ametenga sahani moja. Akaongeza ya pili.

"Sijui kama nimekusamehe," Gladness alisema, bado amesimama.

"Najua."

"Nikikumbuka ule mguu, siwezi."

"Hata mimi siwezi," mama yake alisema. "Kaa ule, chakula kinapoa."

Gladness alivua koti. Walikula maharage na wali, wakizungumza habari za mabasi yaliyobadilishiwa njia na za goti la Khamis linalomsumbua. Kisha binti akaosha vyombo, akachagua sweta mbili, ile ya kijivu na ile iliyochanika kiwiko, akaondoka na treni.

Jumapili iliyofuata hakuja. Ile ya baada yake alikuja.